Ardhi Chanya

Nimelala chali chini ya usukani,
miguu nje ya mlango, kichwa kati ya pedali,
tochi nimeing'ata kwa meno.
Leominster kunanyesha. Si mvua ya kishindo,
ni ile ya hapa, isiyojua kuanza wala kwisha,
inaparuza bati la gereji tangu Jumanne.

Lori ni Austin, la hamsini na nane.
Lilibeba tufaha, likabeba kondoo,
kisha likawa banda, kuku wakatagia kitini
miaka kumi na minane, bila dereva.
Sasa matumbo yake yako kifuani pangu:
nyaya za kitambaa, rangi zimechoka,
nyeupe imekuwa kahawia, kahawia imekuwa udongo,
na kijani, kijani ni suala la imani.

Nimezivisha vikaratasi:
hii ya honi.
Hii ya geji ya mafuta.
Hii sijui. Hii sijui. Hii Mungu ndiye ajuaye.

Kata moja, funga moja, ndiyo sheria.
Anayekata zote apate nafasi
atalala na nafasi yake.

Na ardhi yake ni chanya.
Siku ya kwanza nilifunga betri kwa mazoea,
hasi kwenye bodi, kama magari ya watu,
mshale wa amita ukakimbilia upande wa pili
kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenziwe.
Mengine huzaliwa hivyo. Ukibisha, unaunguza.

Halafu kisanduku cha fyuzi.
Fyuzi ya pili si fyuzi:
ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
imeviringwa, imekandamizwa,
ina alama ya kidole gumba.
Hapo waya mwekundu unaingia gizani
na kutokea ng'ambo ukiwa mweupe, mwembamba,
waya wa kengele ya mlango!
umeungwa kwa kusokotwa, bila solda, bila haya.

Nilitukana.
Nilimtukana fundi huyo, na aliyemfundisha,
na duka lililomuuzia plaiasi.

Bi Gwyneth Preece akaja na chai
ndani ya buti za marehemu mumewe.
Nikamwambia, tazama, ni bahati hamkuungua.
Akaichukua ile karatasi, akaiweka kiganjani,
akainusa, eti, baada ya miaka yote hiyo.

"Hedley," akasema.

Januari ya sitini na tatu. Theluji madirishani.
Tumbo lake lilianza kukaza saa nane za usiku,
na lori pekee ndilo lililokubali kuwaka.
Juu ya kilima cha Dinmore taa zikazimika, zote,
Hereford iko mbele huko, haionekani.
Hedley akamwaga sigara zake kwenye theluji,
kumi na moja, yeye alizihesabu kati ya uchungu na uchungu,
akabaki na pakiti.
Waya alikuwa nao mfukoni tangu Krismasi:
kengele aliyoahidi kuifunga.
Glenys akazaliwa kabla hakujapambazuka.

"Na kengele?" nikauliza.
"Wewe mwenyewe si unagonga?"

Nimeitoa hata hivyo. Huruma haizuii moto.
Nimeweka fyuzi ya kioo, waya mpya mwekundu,
solda imeng'aa kama tone la maziwa.
Karatasi aliondoka nayo yeye, mfukoni mwa aproni,
chai akaisahau juu ya bonde la gurudumu.
Waya wa kengele ninao mimi.
Nimeupima kwa mlango wake. Hautoshi.

Jumamosi nikazungusha swichi.
Geji zikawaka, manjano ya kiazi,
mshale wa joto ukatikisika, ukatulia kwenye baridi,
ukweli mtupu.
Nikabonyeza honi, niisikie sauti yake.
Kimya.
Lakini huko nje, kwenye mvua,
indiketa ya kushoto ikakonyeza mara moja.

Nikavua koti.
Nikaing'ata tochi.